Magunia Nane Nyuma ya Tangi

Nianze na jambo ambalo madereva wengi huona haya kulisema: kuvuta mzigo mzito ni raha. Watu wakisikia kwamba mwanamke wa umri wangu amevuta trela kwa pikapu tangu ujana wake, wananipa pole. Pole ya nini? Kuna ile dakika unapoachia klachi polepole, mnyororo unalia, trela inasita kidogo, halafu mzigo wa zaidi ya tani moja unakubali kukufuata. Hadi wiki yangu ya mwisho kazini, mwezi jana tu, moyo wangu ulikuwa ukiruka dakika hiyo ikifika. Sasa vijana wa karakana mmeniomba niandike niliyoyaona. Nitaandika ya kazi. Ya vyeo sitaandika, kwa sababu vyeo vyangu vilikuwa vichache na hadithi zake ni fupi.

Naitwa Prisca Nasimiyu. Nilizaliwa Nakuru katika nyumba za reli, baba yangu akiwa mfanyakazi wa kuunganisha mabehewa. Wenzetu walizungumza habari za mpira mezani, sisi tulizungumza habari za vyuma vilivyoshikana vibaya. Nilipoajiriwa katika karakana ya mashine za kilimo pale Njoro, niliajiriwa kuhesabu vipuri stoo, na siku ya kwanza nilivaa sketi nyeupe. Sketi hiyo haikumaliza wiki.

Dereva wa pikapu aliacha kazi ghafla, msimu wa ngano ukiwa umeanza na wakulima wakipiga kelele getini. Fundi Karanja, aliyekuwa mkubwa wa mafundi wote, alitoka nje akauliza kwa sauti ni nani anayejua kuendesha. Nikanyoosha mkono. Leseni nilikuwa nayo, na ujasiri nilikuwa nao wa kugawia watu. Uzoefu ndio sikuwa nao.

Karanja akanitazama kuanzia viatu. "Wewe wa stoo?"

"Mimi wa stoo."

"Haya. Toa hiyo gari, ufunge trela, uirudishe nyuma katikati ya hizo drum mbili. Ukigonga drum, unarudi kwa vipuri vyako, na hatutasema kitu."

Pikapu yenyewe ilikuwa tayari mzee siku ile. Ya dizeli, milango miwili, kiti kimoja kirefu cha watu watatu, na usukani mkubwa kama sinia. Haikuwa na nguvu za kujivunia, lakini ilikuwa na subira. Springi za nyuma zilikuwa zimeongezwa jani moja la chuma, na asubuhi za baridi ilikohoa mara tatu kabla ya kuwaka, hata uifanyie nini. Niliipa jina Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwetu, na jina likashika hata kwa mafundi ambao hawajawahi kufika Bungoma. Mtanisamehe nikimtaja kama mtu. Nimekaa naye muda mrefu kuliko nilivyokaa na marehemu mume wangu, na ugomvi wetu ulikuwa mdogo zaidi.

Kurudisha trela nyuma kulinichukua asubuhi nzima. Kila nilipokata kulia, trela ilikwenda kushoto. Wafanyakazi walileta viti. Mwishowe Karanja akaja dirishani, akachukua mkono wangu akauweka chini kabisa ya usukani, pale ambapo hakuna mtu hushika. "Sahau gari," akasema. "Mkono wako ukiwa huku chini, kule unaupeleka, trela inaenda huko huko. Na uende pole, kwani unafukuzwa?" Nikajaribu. Trela ikaingia katikati ya mapipa bila kugusa hata kutu. Nilipiga ukelele ambao nasikia ulifika hadi barabara kuu. Watu wakarudisha viti, wamenuna, maana onyesho lilikuwa limeisha.

Karanja hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na sheria mbili, na hizo hakuchoka kuzirudia. Ya kwanza ni ya kupima mzigo. Kabla hujafunga kile chuma kirefu cha mbele ya trela kwenye ndoano ya gari, kiinue kwa mikono yako. Kikiinuka kirahisi kama sufuria tupu, mzigo umekaa nyuma mno, na trela itakuchezea mteremkoni. Kikikataa kabisa, mzigo umekaa mbele mno, na gari litainua pua hata usukani usishike. Kinatakiwa kikuume mgongo kidogo tu. Sheria ya pili ni kwamba ukiiacha trela yako, hata kama umekwenda chooni, ukirudi uianze upya kama hujawahi kuiona. "Trela ikikaa peke yake kwa watu," alikuwa akisema, "hujui imeambiwa nini."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na ninyi mnaopenda kununua kila kinachong'aa mnisikilize. Mnyororo mmoja mzuri, mikanda ya kufungia minne, jeki mbili, glavu, jagi la maji ya rejeta, na vipande viwili vya mbao vilivyokatwa pembe ya kuzuia magurudumu. Nasema mbao. Mkenya akikwama kilimani huokota jiwe, akazuia gurudumu, akaondoka, na jiwe akaliachia taifa. Nimewahi kupasua tairi mbili kwa mawe ya watu kama hao, na sijawasamehe.

Miaka ikaenda na mizigo yake. Nilivuta vichwa vya mashine za kuvuna ngano, vipana kuliko barabara, huku mtu akikimbia mbele na kitambaa chekundu. Nilivuta mashua kutoka Kamere, kando ya ziwa, kuileta kurekebishwa, na mbwa wote wa Naivasha wakatusindikiza kwa sababu ya harufu ya samaki. Nilimhamisha mwalimu mmoja wa chuo pamoja na vitabu vyake, na ninawaambia, vitabu ni vizito kuliko mahindi na havina shukrani. Karanja alistaafu katikati ya hayo yote, akarudi kwao Bahati kufuga kuku, nami nikawa ndiye ninayezirudia zile sheria mbili kwa madereva wapya, kidole kikiwa juu. Nilizirudia kwa kiburi, kama mtu ambaye hazimhusu tena.

Hapo ndipo ninafika kwenye safari ambayo nataka hasa kuiandika.

Miaka michache kabla sijastaafu, kikundi cha wafugaji wa kule mbele ya Keringet kilipata tangi la kupozea maziwa, likafikia karakana yetu. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Chelangat, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Shida yao ilikuwa moja. Lori la kampuni ya maziwa lilipita asubuhi tu, kwa hiyo maziwa ya jioni hayakuwa na pa kulala. Yaliharibika. Walinywa wakashindwa, wakawapa ndama, wakawapa mbwa, mengine wakamwaga. Mama Chelangat aliniambia kuna wanawake waliokuwa wameacha kabisa kukamua jioni, na ng'ombe wakawa wanakauka maziwa kabla ya wakati wao. Kampuni nayo ilikuwa imechoka na maziwa machache. Ilimtuma mkaguzi aje siku hiyo ya kusafirisha tangi, saa kumi alasiri. Akikuta tangi limesimama na linafanya kazi, lori litaendelea kuja. Akikuta banda tupu, lori litahamishiwa njia nyingine, na asubuhi pia itakuwa imekwenda.

"Yeye ni mtu wa saa," Mama Chelangat aliniambia alipofika karakana asubuhi hiyo. "Saa kumi ni saa kumi. Prisca, tutafika?"

"Mama, Kukhu hajawahi kuchelewa, ni mimi tu huchelewa kuamka."

Akacheka, lakini mikono yake ilikuwa imeshikana.

Tangi lilikuwa la lita elfu mbili, la chuma cheupe kinachong'aa, na mashine yake ya baridi imefungwa ubavuni. Tulilipandisha kwa winchi, nikaliweka juu ya ekseli, pale kwenye magurudumu, limesogea mbele kiasi, na nyuma yake ikabaki nafasi ya kama mita moja. Nikafunga mikanda minne. Nikainua kile chuma cha mbele kwa mikono yangu, kikaniuma mgongo kidogo tu, kama inavyotakiwa. Nikafunga ndoano na mnyororo. Kila kitu sawa kabisa. Saa tatu na nusu. Nikasema wacha ninywe chai kwanza.

Sasa, mwenzake Mama Chelangat alikuwa Joel, katibu wa kikundi, mwanamume mpole wa miaka hamsini hivi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Joel alitazama ile nafasi ya mita moja. Ninyi mnajua watu wetu. Gari likielekea kwenu na lina nafasi, hiyo nafasi ni dhambi. Mtu ataweka jogoo, ataweka godoro, ataweka shangazi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la pembejeo, na kikundi kilikuwa na magunia nane ya chakula cha ng'ombe yaliyongoja usafiri hapo tangu mwezi uliotangulia. Joel akaita wapagazi wawili, wakayapanga yote nyuma ya tangi, safi kabisa, wakafunika kwa turubai ili mvua isiyaloweshe. Ya kilo sabini kila moja. Alifanya kwa nia njema, na aliyapanga vizuri kuliko wengi.

Nilitoka kwenye chai, andazi mkononi. Nikapita kando ya trela. Niliona turubai. Niliona pia kwamba makalio ya Kukhu yameinuka kuliko nilivyoyaacha, nikajiambia ni ule mwinamo wa uwanja. Nikalipiga turubai makofi mawili kama mtu anayempongeza farasi, nikalamba sukari kidoleni, nikaingia ndani. Hapakuwa na mtu karibu wakati huo, au hivyo nilidhani. Mimi, mwenye sheria mbili na kidole juu.

Tukaondoka, Mama Chelangat katikati na Joel mlangoni. Kupanda Elburgon kulikuwa kutamu. Kilima huficha makosa, kwa sababu trela ikivutwa hunyooka. Mama Chelangat aliimba nyimbo za kanisa, Joel akaitikia kwa sauti nzito, nami nikapiga usukani kwa vidole. Tukapita Molo. Baridi ikaingia, ukungu ukatoka, mashamba ya viazi yakafunguka pande zote mbili. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Saa sita na nusu, mkaguzi yuko mbali, tangi liko nyuma yangu linang'aa kwenye vioo.

Mbele ya Molo kuna mteremko mrefu unaoshuka hadi daraja dogo, kisha barabara inapanda tena. Nilianza kushuka kwa gia ya nne. Hilo lilikuwa kosa la pili.

Kwanza nilihisi kiunoni. Kukhu alitikisa makalio, kushoto, kulia, taratibu. Nikadhani ni upepo. Kisha akatikisa tena, kwa nguvu zaidi, na kwenye kioo cha kulia nikaona tangi lote limetokea, kisha likapotea, kisha likatokea kwenye kioo cha kushoto. Trela ilikuwa inapiga mkia. Mama Chelangat akaacha kuimba katikati ya ubeti.

"Prisca, ni nini hiyo?"

Mwili wote unakuambia kanyaga breki, na ukikanyaga umekwisha, trela inakupita. Mwili unakuambia geuza usukani kuifuata, na ukiifuata unaipigia ngoma icheze zaidi. Nikaushika usukani ukiwa umenyooka, nikaukaza hadi vidole vikauma. Nikainua mguu kwenye mafuta kidogo kidogo. Nikashika gia ya tatu. Injini ikanguruma, Kukhu akainama, na trela ikapiga kushoto pigo moja ambalo lilitupeleka hadi kwenye changarawe ya ukingo. Joel alikuwa amekamata kishikio kwa mikono miwili, midomo ikienda bila sauti. Tulivuka daraja tukiwa tumechukua barabara yote, na ninamshukuru Mungu kwamba siku hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuja Molo. Kisha kilima cha upande wa pili kikatupokea. Mwendo ukapungua. Trela ikatikisa mara moja, tena mara moja, ikanyooka. Nikasimama pembeni.

Halafu, na hili nalikiri bila aibu, nikacheka. Nilicheka hadi machozi. Tulikuwa hai, na tangi lilikuwa limesimama juu ya trela yake!

Nikashuka, nikafunua turubai, nikaona magunia.

"Nani ameweka hii?" Mama Chelangat aliuliza, na ng'ombe wa shamba la jirani waliinua vichwa.

"Ni mimi," Joel akasema.

"Wewe! Tangi ya watu wote, na wewe unabeba magunia kama mtu wa soko? Ungetuua, Joel. Ungemwambia nini mama Kiprono anayengoja kukamua jioni? Ungemwambia nini hata mke wako?"

Joel akavua kofia, akaishika. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kukagua mzigo ni kazi ya dereva, si ya katibu. Maneno yalikuwa yamefika hapa kooni. Lakini Mama Chelangat alikuwa amenishika bega, akisema kwamba Mungu amewapa dereva, kwamba mwingine angewaangamiza, na sifa ni tamu. Nikameza. Tena nikaongeza, kwa ile sauti yangu ya kufundishia, "Mzigo haupandishwi bila dereva kujua." Ni kweli tupu, na sijawahi kusema uwongo mkubwa kuliko huo.

Mama Chelangat alitaka magunia yaachwe hapo hapo barabarani. Joel akauliza kwa upole, "Na nikiyaweka hapo kwa pikapu yenyewe, si itakuwa sawa?" Nikafikiri, nikaona ana akili. Sehemu ya nyuma ya Kukhu ilikuwa tupu. Joel alikataa kusaidiwa. Aliyabeba yote manane peke yake, moja moja mgongoni, akayapanga yakiwa yameegemea kabini. Nikakagua mikanda, nikakagua ndoano, nikakagua kila kitu mara mbili kama msichana wa siku ya kwanza. Tukaondoka kwa gia ya tatu. Njia yote hadi Keringet, Mama Chelangat alimsema Joel, na Joel alijibu "ndiyo" na "ni kweli", nami nilitazama barabara kwa bidii kubwa sana.

Tulipita Keringet saa nane na nusu, tukaacha lami. Kilichobaki kilikuwa kilomita chache za udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha hapo kabla yetu. Mwishoni kabisa, banda la maziwa likionekana juu, kulikuwa na kilima kimoja. Si kirefu. Kimesimama tu.

Niliingia kwa gia ya kwanza, mafuta yaleyale, bila pupa. Tukapanda robo, tukapanda nusu. Hapo magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, matope yakaruka juu ya paa, na Kukhu akasimama huku akilia. Nikakanyaga breki. Taratibu, taratibu mno, vyote vikaanza kuteleza kurudi nyuma. Trela ikaanza kujipinda. Nyuma yetu, upande wa kushoto, palikuwa na mfereji.

"Mbao!" nikapiga kelele.

Joel alikuwa ameshatoka kabla sijamaliza neno. Alichukua zile mbao mbili, akajitupa matopeni kwa magoti, akazisukuma nyuma ya magurudumu ya trela, moja, mbili. Tukasimama. Alisimama akiwa mwekundu kuanzia kofia hadi viatu.

Saa tisa na dakika ishirini. Juu pale bandani watu walikuwa wamejaa, wanawake wengi, na miongoni mwao gari dogo jeupe. Mkaguzi alikuwa amekuja mapema.

Nikatazama magurudumu ya Kukhu. Yalikuwa mepesi. Halafu nikatazama magunia, yameegemea kabini, mbali na pale yanapotakiwa, nikahisi damu ikichemka kwa furaha. "Joel! Yasogeze nyuma! Yote, yakae juu ya ekseli!" Akaelewa mara moja. Safari hii nilipanda nikamsaidia, na Mama Chelangat naye akapanda, viatu vya kanisani na yote, tukayavuta yale magunia nane hadi nyuma. Kukhu akashuka kidogo, akakaa. Nilimwona akikaa, nikajua.

"Joel, baki na mbao. Tukisonga, unafuata nyuma ukiwa umezishika. Mama, wewe omba."

"Nimeanza kitambo," akasema.

Nikaachia klachi kwa unene wa unywele. Mnyororo ukalia. Magurudumu yakazunguka mara moja, yakashika. Yakashika! Kukhu akapanda, inchi, futi, hatua ya mtu, kila mpigo wa injini nikiuhisi kwenye meno. Sikubadilisha gia, sikupumua. Wanawake walikuwa wameteremka kutoka bandani, wakitembea kando yetu, hawasukumi, wanapiga tu makofi kwa mdundo wa injini. Tulipofika juu waliangua vigelegele, nami nikapiga honi kama bwana harusi.

Kulikuwa na kazi moja bado, kurudisha trela nyuma hadi ndani ya banda, mlango ukiwa umebakiza kiganja kila upande. Mkaguzi alisimama ametazama saa yake. Nikaweka mkono chini kabisa ya usukani. Tangi likaingia mara moja, bila kurudia. Fundi wa umeme aliyekuwa akingoja akaunganisha nyaya, na saa kumi kasoro dakika mbili mashine ya baridi ikanguruma. Mkaguzi akaweka kiganja chake kwenye chuma, akangoja, akakitoa. "Ni baridi," akasema. Akaandika kwenye karatasi yake, akampa Mama Chelangat mkono, akaondoka. Lori litaendelea kuja.

Jua lilipoanza kushuka, maziwa ya jioni yakaja. Yalikuja kwa ndoo, kwa mitungi, kwa punda, wanawake wakipanga foleni na kuzungumza wote kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti, nimepewa chai na kuku, kila mtu akija kunisalimia na kusikia upya habari za daraja. Na kila aliyesikia alimgeukia Joel akatikisa kichwa. Joel alikuwa amesimama mwisho kabisa wa foleni na ndoo yake, matope yamemkaukia usoni, na hakuna aliyekuwa akiongea naye.

Nikaweka kikombe chini, nikapanda juu ya trela, tupu sasa baada ya tangi kuteremshwa.

"Mnisikize," nikasema. "Joel aliweka magunia. Lakini kabla tutoke Njoro nilipita hapo kando yake na andazi mkononi. Niliona turubai. Niliona gari imeinuka. Sikufunua. Kufunua ilikuwa kazi yangu. Yeye ametukanwa kutoka Molo mpaka hapa, na mimi nimenyamaza."

Mama Chelangat alinitazama mimi, kisha akamgeukia Joel. "Ulijua?"

"Nilimwona," Joel akasema. "Nilikuwa kwa dirisha ya duka nikilipia turubai. Aliipiga hivi, pa pa."

"Na mbona hukusema? Nimekuita kila jina, Joel."

Joel akakuna shingo, matope yakabanduka. "Kulikuwa na kilima mbele," akasema. "Nikaona tukimwambia dereva kosa ni yake, atapanda na miguu ya kutetemeka. Nikasema wacha mnitukane mimi. Mimi si nilikuwa nimekaa tu?"

Mama Chelangat alimwendea kule mwisho wa foleni. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alichukua ile ndoo mkononi mwake, akapita nayo mbele ya wanawake wote hadi kwenye tangi, akafungua mfuniko, na maziwa ya kwanza ya jioni kulala Keringet bila kuharibika yakawa ya Joel.